Utafiti wa mahabusu: barua ya kuingia gerezani haijajibiwa, nifanyeje?

Binti_Manyoni

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko mwaka wa pili wa uzamili, sosholojia. Utafiti wangu unauliza kwa nini mahabusu wanakaa muda mrefu kabla kesi zao hazijaamuliwa. Mada yenyewe imeanzia nyumbani. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikaa rumande miaka 4 na miezi 3 kwa kesi ya mauaji. Siku moja alipelekwa kortini kama kawaida, upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea, basi, akaambiwa nenda. Alifika nyumbani na mfuko wa rambo, ndani kandambili na Agano Jipya lililochanika jalada. Shamba lake la alizeti lilikuwa limelimwa na mtu mwingine misimu yote hiyo. Hakuna aliyemweleza miaka ile ilikuwa inasubiri nini.

Mpango wangu: dodoso la maswali 42, nigawe kwa mahabusu 200 wa gereza moja la mkoa. Hiyo 200 imetoka kwenye fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa uhoji watu wangapi. Nilikadiria gereza lina mahabusu 400, kosa la asilimia 5, ukikokotoa inatoka 200 kamili. Msimamizi amepitisha sura tatu za mwanzo. Kilichobaki ni kibali cha kuingia, na barua yangu sasa ina wiki ya saba. Kila nikipiga simu naambiwa "barua yako iko mezani." Meza ya nani, hawasemi.

Naombeni ushauri. Kuna namna ya kuisukuma? Na ikishindikana, nibadilishe mada? Mwenzangu mmoja ananishawishi nihamie "mtazamo wa wananchi kuhusu polisi jamii." Anasema dodoso unaligawa stendi siku mbili, wiki ijayo unachambua.

---

Fundi_Seremala

Yamane tena! Nchi hii kila kitu kimeshapimwa kwa Yamane isipokuwa kiatu.

Dada, hama mada. Mambo ya magereza yana wenyewe. Utazeeka unasubiri hiyo meza.

---

Karani_Mstaafu

Marahaba binti. Na pole kwa mjomba.

Barua sitakusaidia, huko sina ninayemjua. Ila usihame mada. Nimekuwa karani wa mahakama miaka 29, nimeanzia mahakama ya mwanzo nikaishia masjala ya mahakama ya wilaya, sasa nafuga kuku. Nimesoma swali lako mara mbili, na nakuambia kama ningemwambia mwanangu: unachokitafuta gerezani hakipo gerezani. Mahabusu hajui kwa nini kesi yake haiendi. Mjomba wako mwenyewe hajui, umesema. Sasa ukiwapa dodoso watu 200 wasiojua, utapata majibu 200 ya wasiojua, halafu utayatafutia asilimia.

Kinachojua ni jalada.

Kesi ya mauaji inafunguliwa mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Kazi yake pale ni kuitaja tu mpaka upelelezi ukamilike, ufanyike mwenendo kabidhi, yaani kesi ikabidhiwe rasmi juu, ndipo ihamie Mahakama Kuu. Kutajwa ni kila baada ya siku 14 hivi. Piga hesabu: mara 26 kwa mwaka. Mjomba wako kwa miaka 4 na miezi 3 jalada lake lina tarehe kama 110. Mia moja na kumi! Na kila tarehe hakimu ameandika kwa mkono wake nani alikuwepo, nani alisema nini, ametoa amri gani. Hakuna dodoso litakalokupa hivyo.

Nikueleze linavyofanana. Kurasa mbili za mwanzo mwandiko umesimama, hakimu anaandika shitaka lote, anamweleza mshtakiwa kuwa hatakiwi kujibu kitu. Ukifika ukurasa wa nane mwandiko umelala. Kila tarehe ni mistari mitatu. *Upelelezi haujakamilika. Kutajwa tarehe fulani. Mshtakiwa arudi rumande.* Unageuza, yaleyale. Nilishawahi kufungua jalada ambalo hakimu wa kwanza alihama, wa pili akaenda masomoni, wa tatu akastaafu, na maneno hayakubadilika.

Sasa hapa sikiliza, maana ndipo wanafunzi wanapodanganyika (walikuwa wanakuja, nawakumbuka). Wanahesabu zile sababu zilizoandikwa. "Upelelezi haujakamilika" mara 80, basi wanaandika kosa ni la wapelelezi. Lakini sababu iliyoandikwa siyo sababu yote. Tuliandika hivyo hata siku ambazo karandinga halikuja kwa kukosa mafuta. Hata siku hakimu yuko semina, nami ndiye niliyetoka kwenye kibaraza nikawatangazia watu warudi tarehe fulani. Kwa hiyo usisome sababu peke yake, soma akidi, pale juu kabisa palipoandikwa waliohudhuria. Kama mshtakiwa "hayupo" na yuko rumande, basi hakuletwa, tatizo lilikuwa usafiri. Kama jina la hakimu ni jingine kwa tarehe moja tu halafu linarudi lile la zamani, wa kwake hakuwepo na mwenzake alisaini tu ili watu wapate tarehe. Mwendesha mashtaka akibadilika kila mara, jua hakuna anayeifahamu ile kesi. Akidi haina haya. Mtu anaweza kupamba sababu, ila hakuna anayepamba akidi.

Jambo la pili. Hata ukipata kibali leo, siku ukiingia gerezani utawakuta watu wa namna gani? Pale stendi kuna gesti ya vyumba 40. Kila usiku wanalala wasafiri wa basi, asubuhi wameondoka. Lakini kuna vyumba vimechukuliwa na mafundi wa barabara, wako mwaka wa pili. Ukigonga milango usiku mmoja ukauliza "umekaa hapa muda gani?" utatoka ukisema gesti ile wageni wake wanakaa miezi na miezi. Mwenye gesti atakucheka, maana daftari lake la wageni kwa mwaka lina maelfu ya watu na mafundi hawazidi ishirini.

Gereza ni hivyohivyo. Chukulia kila mwezi wanaingia 10 wa wizi mdogo na ugomvi, kila mmoja anakaa mwezi mmoja, na anaingia 1 wa mauaji anayekaa miezi 36. Siku yoyote utakayoingia utawakuta wale 10 wa mwezi huu, na wa mauaji 36. Utaandika kwamba mahabusu karibu wanne kati ya watano ni wa mauaji. Ilhali walioingia, kumi katika kila kumi na mmoja ni wa makosa madogo. Zote mbili ni kweli, ila ni maswali mawili. Wewe umeuliza lipi?

Anza na rejesta ya kesi za jinai, lile daftari kubwa. Chukua mwaka mmoja, kesi zote zilizofunguliwa, uzifuate moja moja mpaka zilipoishia. Barua ya kuomba kuingia masjala anzia kwa Hakimu Mfawidhi, yule mkuu wa mahakama ile, atakuambia kama lazima ipande juu.

---

Mwalimu_wa_Takwimu

Mzee Karani amesema kwa gesti kitu ambacho mimi darasani nakisema wiki mbili na nusu ya darasa bado hawanielewi. Naiba mfano huo, samahani.

Mdogo wangu Binti_Manyoni, Yamane hana kosa. Fomula inakwambia uchukue wangapi kutoka kwenye orodha uliyonayo. Haikwambii kama orodha ni sahihi. Wewe ulikuwa na orodha ya waliomo ndani siku moja, ukitaka kusema juu ya wote walioingia.

Niongeze kitu kwa faida yako. Marekebisho ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 2022 yalisema kesi ya jinai isifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Unaona ulichopewa bure? Kundi moja la kesi limeguswa na mabadiliko, jingine halikuguswa. Chukua mahakama moja ya wilaya, kesi zilizofunguliwa 2021 na zilizofunguliwa 2023. Angalia wizi mdogo ulivyokwenda kabla na baada, angalia mauaji yalivyokwenda kabla na baada. Kama yote mawili yamepungua muda sawasawa, huenda ni mahakimu wameongezeka au kompyuta zimefika. Kama wizi umepungua na mauaji yako palepale, hapo una la kuandika.

Na isome ripoti ya Tume ya Haki Jinai, ile iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhiwa kwa Rais Julai 2023, kabla hujaigusa tena sura ya pili.

Kuhusu hukumu za TanzLII, ule mtandao unaochapisha hukumu za mahakama zetu: zitumie, ni hazina, tena bure. Lakini nyingi zilizomo ni za Mahakama Kuu na Rufani. Mtu aliyeachiwa kimyakimya kama mjomba wako hana hukumu, kwa hiyo humo hayumo.

---

Karani_Mstaafu

Mwalimu, hilo la 2022 angalia. Muda unaweza usipungue, ukahama tu. Zamani mtu alikuwa anasubiri upelelezi akiwa rumande na jalada lina tarehe. Sasa anaweza kusubiria kituoni, au nyumbani kwa dhamana ya polisi, na mahakama haina habari naye. Hati ya mashtaka inaonyesha tarehe ya kosa. Tarehe mshtakiwa aliyokamatwa, binti aitafute kwenye maelezo ya onyo, yale mshtakiwa aliyoandikwa polisi, kama yameambatishwa. Asiposhika hiyo tarehe atasifia kitu kisichokuwepo.

---

Mwalimu_wa_Takwimu

Nimekaa chini, mzee.

---

Dhamana_Iko_Wazi

Mimi siyo msomi. Nimekaa mahabusu miezi 11, Dar, kesi ya wizi, nikaachiwa huru. Nilikuwa machinga, nauza mikanda na pochi.

Nataka huyo dada ajue kitu kimoja ambacho mzee Karani hajakisema, labda kwa sababu yeye alikuwa upande wa pili wa kizimba. Jalada langu mimi linasema nilipewa dhamana siku ya kwanza. Ni kweli. Hakimu alisema dhamana iko wazi: wadhamini wawili, barua za serikali ya mtaa, mmoja awe mtumishi wa serikali, na kila mmoja asaini bondi ya milioni 5. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja mjini. Niliowajua ni machinga wenzangu, wote wamepanga chumba kimoja, na mwenyekiti wa mtaa hawajui hata kwa sura. Mtumishi wa serikali niliyemfahamu alikuwa mgambo aliyenikimbiza. Nikarudi gerezani na dhamana yangu ikiwa wazi. Miezi 11 ilikuwa wazi. Ndiyo maana najiita hivi.

Kwa hiyo ukiandika kwenye kompyuta yako "alipewa dhamana: ndiyo", umeshanipoteza. Weka safu mbili. Alipewa? Alitoka lini?

La pili. Nikiwa ndani alikuja mtafiti, kijana mstaarabu tu, na madodoso yake. Nyapara ndiye aliyechagua wa kujaza. Akachagua wenye shati safi na wanaojua kujieleza. Mimi nilichaguliwa maana naandika vizuri. Kulikuwa na swali kama tumewahi kupigwa. Askari amesimama mlangoni, siyo kwa ubaya, ndipo anaposimama siku zote. Wote tuliandika hapana. Tulipewa kipande cha sabuni kila mmoja, na wale ambao hawakuchaguliwa walituchukia wiki nzima.

---

Binti_Manyoni

Kaka, nimesoma ujumbe wako nikafunga simu kwanza. Dodoso langu swali la 31 ni hilohilo, "Je, umewahi kufanyiwa ukatili na mtu yeyote ukiwa hapa?" Na nilikuwa nimeweka bajeti ya sabuni.

---

Mwalimu_wa_Takwimu

Usijilaumu, wakubwa kuliko wewe wamekosea zaidi. Gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1974, daktari wa ngozi Albert Kligman aliwafanyia wafungwa majaribio ya dawa na vipodozi kwa malipo madogo. Fomu za ridhaa walisaini. Baadhi yao hata hukumu walikuwa bado hawajapata, walitaka hela ya dhamana. Sahihi ya mtu aliyefungiwa ina uzito gani? Ndiyo maana kamati za maadili siku hizi zinakuwa kali neno "mfungwa" likitajwa, na mimi nawaunga mkono hata wanaponichelewesha.

Na hili la wadhamini, lina historia. Mwaka 1961 New York walianza jaribio Manhattan: wanafunzi wa sheria wanakaa na mtu aliyekamatwa, wanamuuliza ana kazi gani, anaishi wapi, na nani, ana ndugu gani mjini. Akionekana ana mizizi wanampendekeza kwa hakimu aachiwe kwa ahadi yake tu, bila fedha. Walioachiwa hivyo wakawa wanarudi mahakamani vizuri tu, na kazi ile ikachangia Marekani kupitisha sheria mpya ya dhamana 1966. Lakini kaka Dhamana, wewe hata maswali hayo ungeyafeli. Kazi: machinga. Makazi: chumba cha watu wanne. Ndugu: wako mkoani.

---

Dhamana_Iko_Wazi

Ningeyafeli kweli. Ila kila siku saa 12 asubuhi nilikuwa nimetandika turubai langu palepale, miezi 12 bila kukosa. Hilo hakuna aliyeuliza.

---

Karani_wa_Wakili_Naks

Majirani hamjambo. Mimi niko Nakuru, nafanya kazi kwa ofisi ya wakili. Huku tunaita rimandi.

Naona mtu atakuja kusema dawa ni kubadilisha sheria ili kila kosa liwe na dhamana. Nyinyi mlijaribu, sivyo? Kile kifungu cha 148(5) cha Sheria yenu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachozuia dhamana kwa mauaji, unyang'anyi wa silaha, utakatishaji fedha na kadhalika. Mei 2020 Mahakama Kuu yenu ilisema kinapingana na Katiba, Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Tulifuatilia sana huku.

Sisi Katiba ya 2010, Ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya bondi au dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito. Hata wa mauaji anaomba na wengi wanapewa. Na bado rimandi imejaa. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa 2017 na NCAJ, baraza letu la taifa la usimamizi wa haki, ulionyesha wanaosukumwa ndani kwa wingi ni maskini wa makosa madogo madogo. Juzi tu nimekuwa na mama muuza chang'aa (gongo), bondi ya shilingi elfu kumi imemweka ndani wiki tatu. Hiyo kwenu ni kama laki mbili tu. Kaka wa mikanda anajua ninachosema.

---

Fundi_Seremala

Nafuta ushauri wangu wa juu. Dada, usihame.

---

Binti_Manyoni

Wakuu, nimerudi baada ya siku tano. Nimekaa na msimamizi. Mwanzo alinuna, sura tatu zimeshapitishwa na sasa naja kumwambia sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, inafutwa. Nikamsomea mfano wa gesti. Alinyamaza kidogo akauliza huyo mzee yuko chuo gani.

Tumekubaliana hivi. Kesi zote za jinai zilizofunguliwa mahakama moja ya wilaya 2021 na 2023, kutoka kwenye rejesta. Kwa kila jalada: tarehe ya kosa, ya kukamatwa ikipatikana, ya kwanza mahakamani, kila tarehe ya kutajwa na akidi yake, dhamana ilipotolewa, na *alipotoka* (kaka Dhamana, hiyo safu nimeiwekea rangi nyekundu). Gerezani siingii kabisa. Badala yake nitaongea na watu kama 15 waliokwisha kutoka, majumbani kwao, bila askari na bila nyapara. Mjomba ameniambia anaweza kuniunganisha na wanne aliokuwa nao selo moja. Sabuni hakuna. Nauli yao nitarudisha.

Swali moja kwa mzee. Nimepewa ruhusa ya masjala kuanzia Jumatatu, wiki mbili tu, saa za kazi. Rejesta ya 2021 pekee naambiwa ina kesi zaidi ya 300. Nitaanzaje ili nisizame?

---

Karani_Mstaafu

Beba barakoa na kitambaa cha kufutia. Majalada yaliyofungwa yamefungwa kwa kamba mafungu mafungu, ukifungua la kwanza utapiga chafya mpaka saa nne.

Usianze na majalada. Siku mbili za mwanzo nakili rejesta yote: namba ya kesi, shitaka, tarehe ya kufunguliwa, ilivyoisha. Hapo umeshapata kundi zima hata kama majalada mengine hutayaona. Kisha omba majalada kwa namba, kumi kumi. Usiombe kwa majina, karani atakuchukia, maana yamepangwa kwa namba, na majina yanaandikwa kila mtu anavyosikia. Mwajuma mmoja nimewahi kumwona kwa tahajia nne.

Yasiyopatikana yaandike pia, usiyaruke. Jalada linalopotea mara nyingi ni lile lililozunguka sana: limeitwa Mahakama Kuu, limerudi, limekwenda kwa wakili wa serikali. Yaani ndilo lililochelewa. Ukiliruka utabaki na kesi nyepesi nyepesi ukasema mambo ni shwari.

Mnunulie karani wa zamu chai. Chai tu, siyo zaidi.

Na mjomba wako, muulize namba ya kesi yake. Ukiwa na namba utalipata jalada lake hata kama lilikuwa mahakama nyingine, unaandika barua ya kuomba kulisoma. Atakuwa anaikumbuka. Wote huwa wanaikumbuka.

---

Binti_Manyoni

Nimempigia sasa hivi. Ameitaja na mwaka wake kabla sijamaliza kuuliza.